Ngozi ya Kioo Juu ya Plastiki

Tangu nistaafu, watu wa parokia wananiuliza kama sasa ninalala vizuri. Ninawajibu ndiyo, kwa sababu jibu la kweli ni refu. Jibu la kweli ni kwamba bado natazama miwani ya watu. Kwenye misa, mtu akiinamisha kichwa kusali na mwanga wa dirisha ukapita kwenye lenzi zake, mimi siombi tena. Natafuta ukungu pembeni. Natafuta ile michirizi midogo inayoanzia kwenye tundu la skrubu. Padri anapotuambia twende na amani, nimeshajua nani atarudi atelye kabla ya Pasaka.

Espérance, ambaye sasa ndiye mkubwa wa atelye yetu ya miwani pale kwenye kliniki ya macho, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza. Aliniambia, "Mama Masika, hawa vijana wanajua mashine vizuri kuliko sisi. Ila hawajajua bado kuogopa." Hilo naweza kulifundisha. Nimeogopa maisha yangu yote ya kazi, na mshahara niliupata kwa ajili hiyo.

Niliingia kazini wakati mji wetu wa Goma ulikuwa bado unachimba barabara zake kutoka chini ya lava. Nilikuwa nimemaliza sekondari, seksheni ya biolojia na kemia, na nilidhani kemia naijua. Aliyenipokea ni Papa Bauma, mtu mrefu kutoka milima ya Masisi, mwenye sauti ndogo mno kwa mwili ule. Vidole vyake vilikuwa vya mtu aliyekamua ng'ombe utotoni, vinene, lakini lenzi aliishika kwa ukingo tu, kama vile ina homa. Siku ya kwanza hakunionyesha mashine hata moja. Alinipa lenzi ya plastiki ambayo haijapakwa kitu na kikombe cha maji, akaniambia niangushe tone juu yake.

Tone lilisimama kama shanga. Nikaiinamisha lenzi, likateleza likaanguka.

"Umeona?" akasema. "Plastiki haipendi mutu. Maji haipendi, verni haipendi, hata wewe haikupendi. Kazi yako hapa ni kuibembeleza."

Wacha nieleze kwa nini tunaibembeleza. Lenzi za kioo halisi ni nzuri, lakini Goma imejengwa juu ya mawe meusi, na miwani ya kioo ikianguka mara moja juu ya mawe hayo, habari yake imekwisha. Plastiki inaanguka na kuokotwa. Ubaya wake ni kwamba ni laini. Vumbi letu si udongo kama wa mahali pengine, ni jiwe lililosagwa. Mtu akifuta lenzi kwa pindo la kitenge, ni kama ameisugua kwa msasa. Kwa hiyo plastiki tunaivalisha. Tunaipaka verni maalumu, yaani vanishi, tone moja katikati huku lenzi inazunguka kwa kasi mpaka verni itandae yote, kisha tunaiweka chini ya taa ya zambarau. Chini ya taa ile verni inakauka na kuwa kitu kinachokaribia kioo: kigumu, king'avu, chembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Kuipaka si shida, mtu yeyote anapaka. Shida ni kuifanya ikae.

Nilimuuliza Papa Bauma kwa nini isikae. Alinipeleka dirishani akanionyesha nyumba ya jirani, nyumba ya mbao kama nyingi za kwetu, ambayo mwenyewe alikuwa ameipiga sementi kwa nje ili ionekane ya matofali. Kipande kikubwa kilikuwa kimeshaanguka. "Sementi ni nzuri," akasema. "Mbao ni nzuri. Hazikuelewana." Ndivyo ilivyo. Plastiki ikipata joto inavimba sana, ngozi ya kioo inavimba kidogo. Plastiki inapinda, ngozi haipendi kupinda. Vitu viwili vya tabia mbali hivyo haviwezi kukaa pamoja ila vimeshikana kweli kila mahali, bila kuacha pengo hata la punje ya vumbi. Ndiyo sababu lenzi inaogeshwa kwanza kwenye maji ya soda kostiki, ile ile wamama wa mtaa wa Mabanga wanayopikia sabuni. Soda inaondoa mafuta na kuichokoza plastiki kidogo juu juu, inaitia njaa. Halafu inasuuzwa, inakaushwa, na hapo tone la maji likiangushwa halisimami tena kama shanga, linalala. Likilala, unaweza kupaka.

Kisha kuna jaribio, na nadhani jaribio ndilo lililonifundisha kuogopa. Unachukua lenzi ya zamani iliyopakwa pamoja na zile za wagonjwa, siku ile ile, verni ile ile. Unaikata juu kwa wembe mistari ya kwenda na ya kukatiza, mpaka upate miraba midogo. Unabandika skochi, ule utepe wa gundi, unaikandamiza kwa ukucha, unaivuta kwa mkupuo mmoja. Miraba ikibaki kwenye lenzi, umepona. Ikitoka na skochi, kila mgonjwa wa siku ile ataambiwa arudi. Papa Bauma alikuwa na roli moja ya skochi nzuri aliyoifungia kwa ufunguo, maana ile ya sokoni haina nguvu na, alivyosema yeye, inakupa sifa za uongo. Mikono yake haikutetemeka kwa kitu chochote isipokuwa wakati wa kuvuta ile skochi.

Kesi nyingi zilikuwa za joto. Nakumbuka dereva mmoja, Papa Kambale, aliyebeba maharagwe na viazi kutoka Butembo. Aliingia amekasirika, akaweka miwani mezani. "Mama, lineti yenu imeota mizizi." Na kweli, lenzi zote mbili zilikuwa na nyufa nyembamba zilizosambaa kama matope yaliyokauka. Nilimuuliza anaiweka wapi akipumzika. Akasema mbele yake, pale kwenye dashibodi, juu ya injini, jua likiwa usoni. Nilimweleza juu ya kuvimba kwa plastiki na kutovimba kwa ngozi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama basi aiweke kifuani pamoja na rozari. Nikamwambia hapo ni pazuri. Usiku akikutana na taa za malori mengine, nyufa zile zingemfanyia jua kumi machoni. Tangu hapo sijawahi kumpa dereva miwani bila kumuuliza juu ya dashibodi, na sijawahi kusikia ajali ya barabara ile bila kwanza kuwaza nani alikuwa na miwani yangu.

Papa Bauma alistaafu, akahamia kwa binti yake Mabanga. Mimi nikabaki na Espérance, aliyekuwa ametoka Beni na heshima zake zote na macho makali kuliko ya mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Sasa nitawaambia habari ya Neema, maana ndiyo aliyotaka Espérance niiandike, ingawa yeye anajifanya hakutaka.

Neema alikuwa mtoto wa umri wa kuanza shule, lakini hakuwa ameanza kwa sababu haoni. Alizaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mama yake, Mama Furaha, alikuwa ametoka Masisi akikimbia vita, wakawa wanakaa mtaa wa Ndosho kwa ndugu, watu wengi katika nyumba ndogo ya mbao. Daktari wetu alimpasua Neema akaondoa ule weupe, lakini lenzi za kuweka ndani ya jicho hazikumfaa. Ilibaki miwani. Miwani minene sana, iliyotuna mbele kama chupa, maana ilibidi ifanye kazi yote ambayo jicho lake haliwezi tena kuifanya lenyewe.

Tulimtengenezea. Siku ya kumvisha, alikaa kwenye kiti kirefu, miguu inaning'inia. Nilidhani ataangalia dirisha. Akaangalia sikio la mama yake. Alinyoosha kidole akaligusa.

"Mama, juu ya nini sikio yako iko na tundu na hakuna kitu?"

"Hereni zilibaki kule kwetu," Mama Furaha akasema. "Tulitoka mbio."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama vile hilo linatosha, akaanza kuangalia sikio la pili. Mimi nikaenda kuosha mikono iliyokuwa safi.

Hayakupita majuma mengi, mama akarudi peke yake, miwani imefungwa kwenye kitambaa. Alisema, "Mama Masika, mutoto anasema kuna moshi. Nilizani ni moto wa makala ya kupikia. Nikamutoa nje, anasema moshi iko nje pia." Nilichukua miwani nikaiweka kwenye mwanga. Kwenye ukingo wa chini wa lenzi ya kulia ngozi ilikuwa imeanza kunyanyuka. Chini yake palikuwa na weupe. Nilipitisha ukucha taratibu, na kipande kidogo kikatoka kama gamba la samaki.

Jaribio letu la siku ile lilikuwa limepita. Nilikuwa nimevuta skochi mimi mwenyewe, na miraba yote ilibaki. Ndiyo maana nilishikwa na hofu ya namna ambayo sikuijua. Kazi mbaya ukiijua ni mbaya, unairudia. Hii ilikuwa imenitazama usoni ikasema ni nzuri.

Siku iliyofuata akaja mwalimu mmoja na lenzi zenye ugonjwa ule ule. Baada yake sista mmoja. Tulianza kupigia watu simu, wengine hawakupatikana, maana wakati ule mapigano yalikuwa karibu na mji na watu walikuwa wanahama hata kabla ya chai ya asubuhi. Kila aliyeingia mlangoni na kitambaa mkononi, moyo wangu ulishuka kabla hajakifungua.

Nilikwenda kwa daktari kumwambia. Aliweka kalamu chini. "Wale wakubwa watasubiri," akasema. "Neema hawezi. Jicho la mtoto likikaa kwenye ukungu, ubongo unaacha kulisikiliza. Ukichelewa, baadaye utampa lenzi nzuri namna gani, haitamsaidia."

"Lenzi za nguvu ile hatuna tena, Dokta."

"Najua. Niliagiza. Zimekwama." Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, na mpaka ulikuwa wa kufunguliwa leo na kufungwa kesho. "Huwezi kuvua ile ngozi umpe hivyo hivyo?"

Nililifikiria hilo mapema kuliko yeye. Neema anaishi juu ya mawe ya Ndosho, analala chumba kimoja na watoto wengi. Lenzi uchi zingejaa mikwaruzo ndani ya siku chache, na mkwaruzo ukishaingia kwenye plastiki yenyewe hauvuliwi. Ilibidi kuvua na kupaka upya, juu ya lenzi zile zile, pekee tulizokuwa nazo. Soda ikizidi ukali au joto, plastiki inafifia na hakuna pa kwenda tena. Na kama tungefaulu kuvua, tungepaka kwa mkono ule ule na vitu vile vile vilivyotudanganya mara ya kwanza. Ilibidi kwanza tujue kosa liko wapi.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda Mabanga kwa Papa Bauma. Nilikuwa na hakika atajua. Alikuwa amekaa mlangoni kwa binti yake, amepungua mwili, blanketi magotini. Nilimpa kile kipande na kioo cha kukuzia. Aliangalia kwa muda mrefu. Nikamweleza: verni ni mpya, taa iko sawa, soda ile ile, jaribio limepita.

"Sijui," akasema.

Nikangoja. Nilidhani anafikiri.

"Masika, nimekuambia sijui. Hii sijawahi kuiona." Alinirudishia kioo. Mkono wake sasa ulikuwa unatetemeka hata bila skochi. "Unaogopa?"

"Sana, Papa."

"Basi tuogope wawili. Rudi ukafanye kazi."

Nilirudi nimekata tamaa. Njiani nilijikuta nimemkasirikia mzee wa watu kwa kutojua, hasira ambayo ilinitoka kabla ya kufika, nikabaki na woga tu, mtupu.

Nilimkuta Espérance amepanga lenzi zote mbovu juu ya kitambaa cheusi, kila moja amechora kwa kalamu ya wino pale ngozi ilipoanza kunyanyuka. Hakuniuliza mzee kasema nini. Aliona uso wangu.

"Mama, angalia. Zote zinaanzia chini."

"Chini wapi?"

"Chini vile tunazining'iniza kukauka. Pale tone la mwisho linakaa." Alinisogezea kioo cha kukuzia. "Na angalia umbo lake. Ni duara. Ni tone lilikauka hapo."

Niliangalia. Ilikuwa duara hafifu, kama alama ya kikombe kwenye meza. Wote wawili tukatazama pipa la maji ya kusuuzia kwa wakati mmoja.

Bomba za mtaa zilikuwa zimekauka tangu umeme wa pampu ukatike. Kliniki ilikuwa inaletewa maji ya ziwa, bidoni juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kila asubuhi. Maji maangavu, mazuri kwa macho. Lakini maji ya ziwa letu yana chumvi zake nyingi, kila mwanamke anayefulia kule anajua jinsi sabuni inavyogoma. Tulikuwa na chujio la kuondoa chumvi, jipya kabisa, lakini lilitengenezwa kwa maji ya bomba. Ziwa lilikuwa limelishinda nguvu. Tone la mwisho likikauka juu ya lenzi, liliacha utando wa chumvi usioonekana, na verni ikashika chumvi badala ya kushika plastiki. Ikiwa kavu, ilishika vizuri tu, skochi ikapita. Mvua ikinyesha, jasho likishuka, maji yakapenya polepole chini, chumvi ikayeyuka. Sementi juu ya mbao.

Kujua hakukunituliza. Kulitupa swali jipya: tusuuze kwa nini? Mvua haikufaa, siku hizo volkano ilikuwa inafuka na mvua ilishuka na ukali wa moshi. Nilirudi tena kwa daktari. Nilimwomba maji ya sindano, yale yaliyo safi kabisa, ya kuchanganyia dawa.

Maji yale nayo yalikuwa yanakwisha, na vyumbani kulikuwa na watu waliojeruhiwa macho. Nilijua ninachoomba, na nilikuwa nusu ninataka anikatalie ili jambo lisiwe mikononi mwangu tena.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Ya kujaribu kidogo. Halafu ya kusuuza lenzi mbili."

Alifungua kabati. "Na yeye ni mgonjwa," akasema, kama vile kuna mtu mwingine chumbani aliyekuwa anabishana naye.

Tulijaribu kwanza juu ya lenzi za kutupa. Moja tulisuuza kwa maji ya pipa, moja kwa maji ya sindano. Tukapaka zote, tukakausha chini ya taa, kisha tukazichemsha kwenye sufuria ili tuzizeeshe haraka. Tukakata, tukabandika, tukavuta. Ya pipa ilitoka miraba kama ukurutu. Ya sindano ilibaki yote. Espérance akaketi chini sakafuni, mgongo ukutani. Mimi nikavuta skochi ya pili palepale, na ya tatu, kwa sababu sikuiamini.

Asubuhi iliyofuata Mama Furaha alimleta Neema. Mtoto alikaa kwenye benchi la nje bila miwani, mkono mmoja ameshika kitenge cha mama yake, uso ameuinua juu kidogo namna wasioona wanavyofanya. Nilifunga mlango wa atelye ili nisimwone.

Kuvua kulikuwa kwa taratibu. Soda vuguvugu, si ya moto. Unazamisha, unatoa, unaangalia, unazamisha tena. Ngozi ya zamani ilitoka vipande vipande ikaelea. Kila nilipoinua lenzi nilitazama kama plastiki imefifia. Haikufifia. Tukasuuza kwa maji ya daktari, tone kwa tone, kutoka kwenye bomba la sindano, pande zote mbili. Tukakausha. Nikaangusha tone moja la mwisho: lilisimama sekunde moja, moyo wangu nao ukasimama, kisha likalala.

Umeme ulikuwa wa jenereta, na jenereta ikichoka taa ya zambarau inapungua nguvu, verni inabaki mbichi kwa ndani huku juu inaonekana imekauka. Daktari aliamuru vyote vizimwe kwa muda, friji, pasi, kompyuta, hata taa za korido, na yeye mwenyewe akaenda kusimama kando ya jenereta. Hakuna aliyemwomba.

Lenzi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilikuwa imeshatandaa verni, bado mbichi, wakati kitu kilipoanguka mbali, upande wa barabara ya Sake. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Vioo vya dirisha vikalia, na dari ikaachilia vumbi lake la miaka. Espérance alikuwa ameshashika beseni, akalifunika juu ya lenzi kabla sijaelewa. Tukasimama hivyo, yeye na beseni, mimi na mikono hewani, tukisikiliza kama kutakuwa na lingine. Nje nilimsikia Neema anauliza, "Mama, ni nini?" na mama anajibu, "Ni mbali."

Tulipofunua, lenzi ilikuwa safi isipokuwa punje moja, karibu na ukingo, pale fremu inapoishia. Punje ya vumbi ndani ya verni mbichi. Kuitoa ni kuharibu utando. Kuanza upya ni kuvua tena, na sikujua plastiki ingevumilia soda mara ya pili.

"Iko pembeni, Mama," Espérance akasema kwa sauti ya chini. "Haitazuia kuona."

"Haitazuia kuona. Itakuwa mlango wa maji."

"Amua."

Nilisukuma lenzi chini ya taa. Hiyo ndiyo hukumu niliyoitoa, na sikuitoa kwa hekima. Niliitoa kwa sababu verni ilikuwa inaanza kukauka yenyewe na mtoto alikuwa kwenye benchi.

Kipande cha majaribio tulichokipitisha pamoja nazo kilishika. Lakini lenzi yenyewe ya mgonjwa huwezi kuikata kwa wembe uone. Unampa mtu miwani ukiwa umeijaribu ndugu yake, si yenyewe. Nilimvisha Neema. Safari hii alitazama mikono yangu, akaniuliza kwa nini kucha zangu ni nyeupe pembeni. Nikamwambia ni soda. Nilimwagiza mama yake amlete baada ya majuma mawili nione ile punje.

Hawakuja. Mapigano yalifika karibu zaidi, Ndosho ikajaa watu na kisha ikatapika watu, na kwenye nyumba ile ya mbao ndugu walisema mama na mtoto wamekwenda upande wa Rumangabo kwa shangazi, au walidhani hivyo. Simu ya Mama Furaha ilikuwa inalia bila kupokewa, baadaye haikulia tena. Lenzi alizoagiza daktari zilifika mwishowe, nikatengeneza za Neema nikaziweka kwenye bahasha juu ya rafu yangu. Kila asubuhi nilifikiria ile punje. Niliyaona maji yakiingia pale, ngozi ikinyanyuka, mtoto akisema tena moshi, na mtu mwingine akimwambia ni makaa. Kanisani wengine waliomba wapate nafuu ya mgongo. Mimi niliomba mvua isinyeshe Rumangabo, ambako inanyesha kila siku. Nikastaafu bahasha ikiwa bado kwenye rafu. Papa Bauma alikuwa ameshatuacha, na katika ziara zangu za mwisho alikuwa ananiuliza jambo moja tu, kama yule mtoto amerudi.

Espérance alinipigia simu nikiwa ninapembua maharagwe. Alisema, "Mama, kuja. Usiulize." Nilipanda moto na kandambili miguuni.

Mama Furaha alikuwa amekonda. Neema alikuwa amerefuka, amevaa sare ya shule. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa uzi wa nailoni. Na lenzi ya kulia ilikuwa na mkwaruzo mrefu, wa kutoka juu mpaka karibu na katikati.

"Alianguka kwenye mawe akikimbia," mama akasema, kama anayeomba msamaha.

Niliketi. Nikaiweka miwani chini ya kioo cha kukuzia. Bahasha ya lenzi mpya ingesubiri; kwanza nilitafuta punje. Ilikuwa pale pale, ndogo, nyeusi, na ngozi imeizunguka, imekaza. Hakuna weupe, hakuna duara. Kisha nikafuata mkwaruzo, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho, ukingo wa huku na ukingo wa kule. Ngozi dhaifu ikikwaruzwa huanza kubanduka kutoka hapo, kidogo kila siku, kama rangi ya mlango. Hii ilikuwa imekatwa tu. Kingo zote mbili zilikuwa zimelala juu ya plastiki, hazikunyanyuka hata mahali pamoja.

Neema alikuwa amesimama karibu na bega langu, uso karibu kabisa na meza ili aone ninachokiona.

"Mama, hiyo kidonda itapona?"

"Haitapona," nikamwambia. "Lakini haitaongezeka."

Alifikiria hilo. Kisha akanyoosha mkono, akaitaka miwani yake.